Shajara ya tangi la samaki: kusaka umeme unaovuja majini

Tangi lenyewe ni la kioo, lita 100 hivi, liko sebuleni kwangu Arusha. Ndani wapo samaki 9 wa njano wa Ziwa Nyasa. Vifaa vya umeme ni vinne: hita ya wati 100, pampu ya filta inayokaa majini, pampu ndogo ya hewa, na taa ya LED ya volti 12 yenye adapta yake. Vyote vinakula umeme kwenye ekstensheni moja iliyolala sakafuni nyuma ya meza. Naandika kadiri kazi inavyokwenda, na bei naweka kama nilivyolipa. Mimi si fundi umeme. Mahali palipohitaji fundi nilimwita, ingawa nilichelewa kumwita.

Jumamosi, 8 Juni 2024: maji yanawasha

Binti yangu ndiye aliyeanza kusema, wiki iliyopita. "Baba, maji ya samaki yanawasha." Nikamjibu kwamba mikono yake ina sabuni, nikaendelea kusoma simu.

Leo nilikuwa nasugua ukungu wa kijani kwenye kioo. Nina mkwaruzo kidoleni, miguu peku, na sakafu ilikuwa imelowa kwa sababu ya ndoo. Nilipozamisha mkono nikaumwa na kitu kama siafu, si mmoja, mfululizo. Nikatoa mkono. Nikavaa kandambili, nikagusa maji kwa ncha ya kidole: hakuna kitu. Nikavua kandambili: siafu wamerudi. (Jaribio hili lilikuwa la kijinga. Usilirudie, chukulia matokeo yangu.)

Kandambili zilikuwa zimeshatoa jibu: maji yalikuwa na umeme, na njia ya kwenda ardhini nilikuwa mimi. Samaki waliogelea bila wasiwasi wowote, kama ndege anavyotua kwenye waya wa nguzo. Kinachoumiza ni umeme unaopita mwilini kwenda mahali, na wao hawakuwa na pa kuupeleka.

Nikazima swichi ya soketi ukutani. Taa ikazimika, pampu ikanyamaza. Nikagusa tena. Siafu bado wapo.

Hapo nikang'oa plagi ya ekstensheni ukutani, nikawaambia wote nyumbani hakuna kugusa tangi, nikakaa kwenye kochi nikimkumbuka binti yangu na sabuni yake.

Jumapili, 9 Juni: shilingi 38,000 zilizopotea

Nina testa ya bisibisi, ile yenye kitaa kidogo ndani. Nilirudisha umeme, nikachovya ncha yake majini: kitaa kikawaka. Nikang'oa pampu ya filta kwenye ekstensheni: kikafifia sana. Nikajiona bingwa. Pampu ndiyo inayovuja, ina miaka 4, acha ife. Nikaenda mjini kununua nyingine, 38,000.

Nilipoiwasha pampu mpya, iliyotoka kwenye boksi muda uleule, testa ikawaka vilevile.

Kosa langu lilikuwa kuiamini testa. Kitaa chake kinawashwa na umeme mdogo mno, hata ule usio na nguvu ya kumfanya mtu chochote. Kinakuambia kwamba kuna kitu, hakikuambii ni kitu gani wala ni kikubwa kiasi gani. Kwa kutafuta waya wa laivu (unaoleta umeme) kwenye soketi inatosha, ila kupima maji kwa testa ni kupiga ramli.

Jumatano, 12 Juni: mita, na ethi ya mapambo

Nimenunua mita ya kidijitali ya bei ya chini, 15,000. Nikaiweka kwenye volti za AC (umeme wa ukutani), waya mmoja majini, mwingine kwenye tundu la juu la soketi ambalo ni la ethi, yaani waya wa kwenda ardhini. Ikasoma volti 3.

Karibu niandike hapa kwamba tatizo limekwisha. Kilichonizuia ni kidole changu, ambacho bado kilikuwa na kumbukumbu. Nikaamua kuipima soketi yenyewe kwanza. Kati ya matundu mawili ya chini: volti 231, sawa. Kati ya laivu na ethi inatakiwa isome karibu namba ileile. Ikasoma 41, halafu 37, halafu 44, inacheza tu.

Nikashusha meni swichi, nikafungua soketi. Skrubu ya ethi ilikuwa inang'aa kama siku ilipotoka kiwandani. Hakuna waya. Waya wa ethi ulikuwepo ukutani, umekatwa na kukunjwa nyuma, labda kwa sababu ulikuwa mfupi na mtu alikuwa na haraka. Miaka yote niliyoishi humu, tundu la juu lilikuwa pambo, na vipimo vyangu vya leo nilikuwa navilinganisha na kitu kinachoelea.

Kwa hiyo kabla ya kupima maji, pima ethi yako. Ningelijua hili Jumapili, zile 38,000 zingekuwa bado mfukoni.

Jumamosi, 15 Juni: mwizi amepatikana

Nilihitaji ardhi ya kweli. Nikachukua kipande cha nondo, nikakipigilia bustanini karibu nusu mita, nikamwagia ndoo ya maji, nikavuta waya mpaka dirishani. Nikapima laivu dhidi ya nondo: volti 229. Sasa nina pa kulinganishia.

Kipimo hicho kikafichua jambo la pili. Ukiitazama soketi yetu ya pini tatu kwa mbele, laivu inatakiwa iwe kulia na nyutro (waya unaorudisha umeme) kushoto. Kwangu volti 229 zilikuwa kushoto. Waya zimegeuzwa. Swichi ya soketi hukata upande wa kulia peke yake, kwa hiyo siku ile nilipozima nilikata nyutro tu. Kila kitu kilisimama kufanya kazi huku laivu ikiendelea kuingia hadi ndani ya maji. Ile siri ya siafu wasiozimika ikaisha hapo.

Halafu maji. Utaratibu: vifaa vyote nje ya ekstensheni, kisha kimoja kimoja, na kila mara napima mara mbili. Mara ya kwanza mita peke yake. Mara ya pili nikiwa nimeunganisha rezista, kipande kinachozuia umeme na ambacho uzuiaji wake hupimwa kwa om, ya om 100,000 (ya wati 1, shilingi 500 kwa fundi redio) sambamba na mita, kati ya maji na nondo. Rezista inaunganishwa umeme ukiwa umekatwa ukutani, halafu unarudisha ukiwa mbali, mkono mmoja mfukoni, kandambili miguuni.

Rezista ndiyo iliyomaliza ubishi. Koili ya pampu imezamishwa ndani ya gundi ngumu. Koili upande huu, maji upande ule, gundi katikati: hiyo ni kapasita, na AC huvuka kapasita kidogo kidogo hata kama hakuna ufa wowote. Mita haili umeme karibu kabisa, kwa hiyo inaonyesha volti nyingi za kutisha ambazo hazina kitu nyuma yake. Ukizipa kazi ndogo ya kufanya, zinaanguka.

Pampu mpya: volti 62, na rezista 4. Pampu ya zamani niliyoihukumu kifo: 66, na rezista 4. Haikuwa na hatia. Taa na pampu ya hewa: karibu sifuri.

Hita: volti 218. Na rezista, 181.

Hizo hazikuanguka. Volti 181 zinazobaki zimesimama juu ya mzigo ni umeme kamili wenye njia.

Nikaitoa hita, nikaikausha kwa kitambaa, nikapima om kati ya pini ya plagi na kioo cha nje. Mita ikaonyesha 1 upande wa kushoto, maana yake imezidi kipimo, hakuna njia. Nzima! Nikakaa dakika kumi nikikuna kichwa. Nikapima pini kwa pini: pia 1. Hapo nikakumbuka kwamba ndani kuna thamostati, na chumba kilikuwa na joto la mchana, basi imejikata yenyewe. Nikazungusha kitufe hadi mwisho: om 531. Hesabu inakubali, maana wati 100 kwa volti 230 ni om 529. Nyaya za ndani hazina tatizo.

Nilichokosea ni kuipima ikiwa kavu wakati ugonjwa wake ni maji. Nikaweka ndoo, nikaizamisha hadi mstari wake, plagi nje ya ndoo na haijachomekwa popote, nikapima kati ya pini na maji ya ndoo. Om 20,000, zinapanda na kushuka. Nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha: karibu na shingo, chini ya kifuniko cha mpira, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na ndani ya kioo umande.

Kwa om 20,000, mtu aliyelowa na kusimama kwenye saruji anapitisha kama miliampea 10. Ndipo misuli inapoanza kukataa kuachia kitu. Sakiti breka yangu ya ampea 20 isingeshtuka hata mwaka mzima. Hiyo inalinda waya usiungue, haikulindi wewe.

Na nani aliipasua hita? Mimi. Kila ninapobadilisha maji nachota theluthi, shingo ya hita inabaki hewani, imewaka, inachemka. Halafu namwaga ndoo ya maji ya bomba, na maji ya Arusha mwezi wa sita mnayajua. Kioo cha moto, maji ya baridi. Tangu leo hita inang'olewa robo saa kabla ya kugusa ndoo, na nimebandika karatasi juu ya tangi.

Hita iliyopasuka haibandikwi silikoni. Nimeikata waya na kuitupa, ili asije mtu akaiokota na kuipa maisha ya pili. Nimenunua ya wati 200 kwa 45,000, sababu ndiyo pekee iliyokuwepo dukani. Uamuzi huo utarudi baadaye.

Jumamosi, 22 Juni: fundi

Fundi alikuja asubuhi, akafungua soketi tatu za sebuleni, akacheka. "Kaka, hizi zote zimegeuzwa. Aliyefunga alikuwa wa mkono wa kushoto."

Amezigeuza, ameunganisha ethi, na nje amepigilia ethi rodi mpya kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu hadi waya ukabaki unaning'inia. Kuthibitisha, alichukua balbu ya wati 60 kwenye kishikizo chenye nyaya mbili, moja kwenye laivu, nyingine kwenye ethi: ikawaka kikamilifu. Ethi mbovu ingeiwasha kwa kufifia au isingewaka kabisa. Kipimo cha balbu si cha kitaalamu ila kinasema zaidi ya testa.

Kisha RCCB ya miliampea 30 kwa soketi za sebuleni. Kifaa hiki kinalinganisha umeme unaotoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro. Ukipungua njiani, kuna mahali umeponyoka, nacho kinakata kwa kufumba na kufumbua.

Kilikata papo hapo, hata hatujachomeka kitu. Tukaondoa ekstensheni, kikakata tena mtu alipowasha taa ya korido. Saa mbili zikaishia darini. Chanzo: kwenye boksi la kuungia, nyutro ya soketi za sebuleni ilikuwa imefungwa pamoja na nyutro ya taa. Umeme wa taa ulikuwa unarudi kupitia RCCB bila kuwa umetokea hapo, kwa hiyo hesabu haikulingana kamwe. Kuzitenganisha kulichukua dakika tano. Kulipata boksi ndiko kulikochukua zile saa mbili.

Kuna kitufe cha majaribio kwenye RCCB, bonyeza kila mwezi. Lakini kinapima kifaa chenyewe tu, hakikuambii kama una ethi. Kwangu kingekata vizuri kabisa hata na ile ethi ya mapambo. Ndiyo maana fundi alirudia balbu yake kati ya laivu na ethi: RCCB ikakata kabla balbu haijawaka.

Tulibishana kuhusu jambo moja. Yeye alitaka tuyaunganishe maji na ethi. Nami nilikuwa nimesoma watu wanaosema ukifanya hivyo unatengeneza njia ya umeme kupita kwenye samaki. Hoja ni ya kweli kama huna RCCB, kwa sababu kifaa kibovu kitavuja mchana na usiku bila yeyote kujua. Ukiwa nayo, naona fundi ana haki: maji yakishikwa na ethi, uvujaji mkubwa unakata wenyewe kabla hujatia mkono, na mdogo kama ule wangu, ambao RCCB ya 30 isingeukata, unaishia ardhini badala ya kidoleni. Kwa hiyo kijiko kimoja cha chuma kisichoshika kutu kinaning'inia pembeni ya tangi, mpini nje, waya wa ethi umefungwa kwa boliti juu ya maji. Mke wangu bado anaulizia kijiko cha sita.

Gharama: RCCB 42,000, ethi rodi na waya 26,000, fundi 30,000. Ekstensheni mpya 18,000, nayo sasa imefungwa ukutani juu kuliko meza. Kila waya unashuka kwanza chini ya ekstensheni halafu unapanda kuingia, ili tone linalotembea juu yake lidondokee sakafuni. Ya zamani niliifungua: ndani kutu ya kijani tupu.

Jumamosi, 6 Julai: pampu inaguna

Umeme ulikatika jana jioni, uliporudi pampu mpya ikaguna bila kuzunguka. Nimeifungua: rota ya sumaku imeganda kwa chokaa na konokono mdogo. Nusu saa kwenye siki, mswaki wa zamani, imerudi. Ikiguna hivyo usiiache, koili inapata moto. Ya zamani nimeisafisha pia, ni akiba.

Jumamosi, 20 Julai: digrii 31

Nilichukua kidhibiti joto cha mashine ya kutotolesha vifaranga, 28,000, kile chenye namba nyekundu na kihisio mwisho wa waya. Kinauzwa kila mahali na kinasoma vizuri kuliko kitufe cha hita. Relei yake (swichi inayowasha na kuzima hita) nimeiweka kwenye laivu, baada ya kuhakikisha kwa mita ni ipi. Nimeweka digrii 25, tofauti nusu digrii. Kitufe cha hita nilikizungusha hadi mwisho, ili kidhibiti kiamue peke yake.

Jana usiku nilibadilisha maji, kila kitu kwa utaratibu, hita imeng'olewa. Nilirudisha, nikalala. Asubuhi samaki wote wako juu wanahema, thermometa ya kioo inasoma 31. Kidhibiti kinasoma 18 na taa yake ya kupasha imewaka. Kihisio kilikuwa kinaning'inia nje ya tangi. Nilikitoa njiani nikiingiza ndoo, sikukirudisha. Usiku kucha kilikuwa kinaipima sebule, na sebule yetu mwezi wa saba haifiki 25 hata uiombe.

Hita ya wati 100 isingefika 31 katika baridi hii, ingechoka njiani. Ile ya 200 niliyoinunua kwa pupa ilikuwa na ubavu huo. Samaki wawili wamekufa.

Marekebisho: kihisio kimefungwa kwa zip tai kwenye bomba la filta, chini kuliko ninapochota. Kitufe cha hita kimerudi 27. Sasa thamostati mbili ziko kwenye mstari mmoja, kidhibiti kikipotea hita inajikata yenyewe. Nilikuwa nayo hiyo kinga bure ndani ya boksi, nikaizima kwa mkono wangu.

Jumapili, 11 Agosti: saa tisa usiku

RCCB ilikata usiku. Safari hii nilikuwa na utaratibu: ng'oa vyote, pandisha, rudisha kimoja kimoja. Pampu ya hewa ilipoingia ikakata. Nilipoitikisa ikalia chubwi.

Umeme ulikuwa umekatika kidogo saa sita. Pampu ilipoacha kusukuma, maji yakarudi kwa mpira na kuishukia, kwani nilikuwa nimeiweka chini ya meza isipige kelele. Umeme uliporudi ikawaka na maji tumboni, na maji hayo yameungana na ya tangi kupitia mpira, na ya tangi yana kijiko.

Vali ya kuzuia maji kurudi ni shilingi 1,500. Nimefunga moja, na pampu imehamia juu ya kabati, juu kuliko maji. Niliifungua, nikaikausha juani siku nzima, nikapima kama bado inavuja: mita inaonyesha 1. Kiwambo cha mpira kinachosukuma hewa kimechanika pembeni, kinasubiri kingine.

Jumla hadi leo ni 244,000, zikiwemo 38,000 za pampu ambayo sikuihitaji. Binti yangu amegusa maji jioni hii, peku, mbele yangu, RCCB imepandishwa. Akasema yamepoa. Nikaangalia: 24.6.